National Wake: Vijana Wanne Chini ya Paa Moja

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini viko vyema vilivyofungiwa ghalani, visipate hata kufika sokoni. Ndivyo yalivyoifika National Wake, bendi ya mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Santuri yake ilitolewa mwaka 1981, zikauzwa nakala zipatazo 700 tu, kisha ikaondolewa madukani.

Bendi hiyo ilipiga muziki wa panki, ule ulioshika moto katika miji ya New York na London katikati ya miaka ya 1970. Panki haihitaji ala za gharama kubwa wala mafunzo ya chuoni. Hutosha gitaa, besi, ngoma, na kijana mwenye neno la kusema. Nyimbo zake ni fupi, huenda mbio, na mara nyingi zimejaa hasira. Mjini London kijana wa panki alitazamwa kama mtukutu. Mjini Johannesburg, akikaa nyumba moja na mwenzake wa rangi nyingine, alihesabiwa kuwa mvunja sheria.

Na hilo ndilo walilolifanya vijana wa National Wake. Gary Khoza, mpiga besi, na ndugu yake Punka, mpiga ngoma, walikuwa Waafrika kutoka Soweto. Ivan Kadey, mpiga gitaa na mwimbaji, alikuwa Mzungu aliyesomea usanifu wa majengo. Baadaye aliungana nao Mzungu mwingine, Steve Moni, mpiga gitaa aliyetokea bendi ya Safari Suits ya Cape Town. Walikaa pamoja katika nyumba moja huko Parktown, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Wazungu.

Uzito wa jambo hilo unaonekana ukikumbuka sheria ya mwaka 1950 iliyogawa miji ya nchi ile kwa rangi za watu. Mwafrika aliweza kulala katika mtaa wa Wazungu iwapo alikuwa mtumishi, naye alipewa kijumba cha uani. Kukaa humo kama ndugu, kula meza moja na kugawana mapato ya kazi moja, hakukuruhusiwa. Polisi walifika nyumbani hapo mara kwa mara. Kila askari ajua kwamba kazi yake ni kulinda raia na mali zao. Lakini askari wa utawala ule walitumwa pia kuchungua nani analala chini ya paa la nani.

Hata jina la bendi lilikuwa na maneno mawili ndani ya moja. Kwa Kiingereza, neno hilo la pili humaanisha mkesha wa msiba, tena humaanisha kuamka. Taifa lilikuwa matangani, na taifa lilikuwa likiamka. Tangu tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans na kupigwa risasi, maana zote mbili zilikuwa za kweli.

Muziki wenyewe unastahili sifa kwa haki yake, wala si kwa kuhurumiwa. Bendi nyingi za panki ziliridhika na kelele na mwendo wa kasi. National Wake iliichanganya kasi hiyo na rege na midundo ya Kiafrika. Besi ya Gary haifuati tu nyuma ya magitaa. Hutembea mbele, nzito na tulivu, kama mtu aijuaye njia. Ngoma za Punka huufanya wimbo wa hasira uwe pia wimbo wa kuchezwa.

Wimbo wao ujulikanao zaidi, "International News", wazungumzia pazia lililofunika habari za mitaa ya Waafrika na za vita vya Angola. Majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Angola mwaka 1975, na kila kijana wa Kizungu alilazimika kutumikia jeshi. Hivyo wimbo huo uligusa nyumba za pande zote mbili: mama wa Soweto aliyemzika mwanawe, na mama wa mtaa wa Wazungu ambaye hakuambiwa mwanawe amepelekwa wapi.

Wimbo kama huo usingetazamiwa kupigwa katika redio ya serikali ile. Kampuni iliyotoa santuri nayo ilibanwa na wakuu wa nchi, ikaiondoa sokoni. Bendi isiyosikika redioni, isiyo na santuri dukani, tena wanamuziki wake hawana ruhusa ya kukaa pamoja, ingeishi kwa chakula gani? Kufikia mwaka 1982 ilikuwa imesambaratika. Kadey alihamia Marekani, akaendelea na kazi ya usanifu wa majengo.

Sheria ile ya kugawa mitaa ilifutwa mwaka 1991, na mwaka 1994 wananchi wote wa Afrika Kusini wakapiga kura pamoja. Mwaka 2012 bendi hiyo ilionyeshwa katika filamu iitwayo "Punk in Africa", na mwaka 2013 nyimbo zake zilitolewa upya nchini Marekani. Jambo la kusikitisha ni kwamba Gary na Punka walikuwa wamekwisha kufariki. Sifa ziliwafikia wenzao, wao hazikuwakuta.

Yako makundi yaliyouza santuri kwa maelfu na leo hayana wa kuyakumbuka. National Wake iliuza mia chache tu. Hata hivyo, anayeisikiliza leo husikia vijana wanne wakipatana katika kila pigo, katika mji uliowakataza hata kupanga nyumba pamoja.