Kuziweka Mashine Msimu Ukiisha

Ndugu Wanachama,

Msimu ukiisha kila mtu huwa amechoka. Karafuu zimekauka, zimepimwa, fedha zimegawiwa, na mashine iliyotusaidia huachwa pale pale iliposimama siku ya mwisho. Hutupiwa gunia, mlango ukafungwa, basi. Tunapoirudia mwezi wa Julai gurudumu halizunguki, nasi husema, "Mashine hii imezeeka." Sivyo. Haikuzeeka kwa kazi, bali imeharibika kwa kulazwa vibaya.

Twaandika haya kwa sababu hasara hiyo imetufika wenyewe. Pampu ya maji tuliyoinunua kwa michango ya wanachama tuliiacha na maji tumboni. Masika yalipokwisha ilikuwa imeshikana kwa kutu, ikatubidi kununua beringi mpya huku kazi inangoja. Hatumlaumu mtu. Hakuna aliyepewa kazi ya kuiweka, wala hapakuwa na mahali palipoandikwa namna ya kuiweka. Kosa ni letu sote.

Yafaa kwanza tumjue adui. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na hewa na maji kwa pamoja. Si lazima maji yaonekane kwa macho, maana hewa ikiwa na unyevu mwingi, utando mwembamba wa maji hukaa juu ya chuma hata mkono usiusikie. Chumvi huzidisha maovu, kwani huvuta unyevu na kuifanya kutu ile kwa haraka. Sisi wa visiwani tunavyo vyote viwili, unyevu na chumvi ya bahari.

Tena tazameni kalenda. Msimu mkubwa wa karafuu huanza karibu na Julai na huweza kufika Januari. Mashine hulala baada ya hapo, na ndani ya usingizi huo huingia masika, Machi hadi Mei. Maana yake ni kwamba tunaiacha mashine bila mtu wa kuitazama katika miezi ile ile yenye maji mengi kuliko yote.

Mtu asidhani kuwa taabu hii ni ya watu wa pwani peke yao. Chukueni mfano wa Heru Juu, katika milima ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, palipokuwa makao ya Mwami wa Heru katika nchi ya Waha. Huko ni bara kabisa, wala upepo wa chumvi haufiki. Katika milima ile ya Kigoma hulimwa kahawa, na kahawa mbivu humenywa kwa mashine yenye ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye vinundu. Mashine hiyo hufanya kazi miezi michache ya katikati ya mwaka, kisha hulala, na mvua za huko huanza karibu na Oktoba au Novemba zikaendelea mpaka karibu na Mei. Basi nayo hulala mvuani kama zetu.

Badala ya chumvi, milimani kuna maadui wawili wengine. Wa kwanza ni umande. Usiku ni wa baridi, na asubuhi chuma huwa baridi kuliko hewa, kikatoka jasho kama bilauri ya maji baridi. Wa pili ni uchafu. Maganda ya kahawa yana utamu, na yakibaki ndani ya mashine huchacha yakawa makali, yakala chuma cha mhimili na beringi. Shaba ya ngoma itasalimika, lakini mhimili wake utakwama. Kwa hiyo sheria ni moja, milimani na visiwani: safi, kavu, na mafuta.

Sasa tueleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, isafisheni siku ile ile ya mwisho, kabla uchafu haujakauka. Tumieni maji baridi yasiyo ya chumvi, na brashi. Wenye vyombo vya kupikia mafuta ya makonyo au majani ya mkarafuu waangalie zaidi. Mafuta ya karafuu hulainisha mpira, na yakigusana na chuma hugeuka rangi yakawa meusi. Mabaki ya msimu huu yakiachwa bombani yatayatia doa mafuta ya msimu ujao, na bei itashuka.

Pili, ikausheni. Wekeni juani kutwa nzima, vifuniko vikiwa wazi. Toeni maji yote katika pampu, bomba na radieta. Tangi la kuchemshia mvuke ama likaushwe kabisa, ama lijazwe pomoni. Lililojaa nusu ndilo linaloliwa haraka, kwa kuwa hapo maji na hewa vimekutana.

Tatu, injini. Mwageni oili chafu na kutia mpya kabla ya kuilaza, maana oili iliyotumika ina ukali unaokula chuma kimya kimya. Injini ya petroli itolewe petroli yote, kisha iachwe iungurume mpaka izimike yenyewe. Injini ya dizeli ni kinyume chake: tangi lijazwe, kwa sababu nafasi tupu huvuta unyevu ukawa maji chini ya dizeli. Kwa injini ya petroli, fungueni plagi, tieni kijiko kimoja cha oili safi katika silinda, zungusheni kwa mkono mara mbili tatu, kisha mrudishe plagi. Betri itolewe na kutiwa chaji kila mwezi, kwani betri iliyokaa bila chaji hufa.

Nne, pakeni grisi kila chuma kisicho na rangi. Msitumie mafuta ya nazi kwa kuwa yako karibu. Yakikaa miezi huganda, yakanata na kukusanya vumbi. Mahali panapogusana na zao, grisi hiyo ifutwe yote na paoshwe kabla ya kuanza kazi tena.

Tano, mahali. Mashine isikae juu ya udongo wala sakafu yenye unyevu, bali juu ya magogo au mbao. Mikanda ya mpira ilegezwe au itolewe. Bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa, manyigu na panya wasijenge humo, na kitambaa hicho kifungwe kamba ndefu inayoonekana, mtu asije akawasha injini akasahau. Msiifunge mashine nzima katika nailoni, maana unyevu utafungwa ndani pamoja nayo. Turubali linalopitisha hewa chini ni bora.

Kuna wanachama wanaosema kuwa rangi yatosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha 1945, Marekani iliziweka mamia ya manowari zake akiba. Mbali na rangi, walitumia mashine za kukausha hewa ndani ya meli zilizofungwa, na baadhi ya meli zile zilirudi baharini katika vita vya Korea vilivyoanza 1950. Sisi hatuna mashine kama hizo, lakini twaweza kuchagua banda lisilovuja, lenye matundu ya hewa pande mbili.

Sita, msiiache peke yake. Mara moja kwa mwezi mtu aende aizungushe kwa mkono, apanguse, na atazame kama kutu imeanza. Kutu ya mwezi mmoja huondoka kwa msasa na oili. Ya miezi mitano huondoka pamoja na fedha.

Mwisho, wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twapendekeza katika mkutano ujao kila mashine ya chama ipewe mtu wake na ukurasa wake katika daftari: siku iliyowekwa, kilichofanywa, kilichovunjika, na kipuri cha kununua. Kipuri kinachonunuliwa Machi hutafutwa kwa utulivu, lakini cha Julai hutafutwa huku karafuu zikiiva juu ya mti, nazo hazimngoji fundi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msihesabu msimu kuwa umekwisha siku ya kupima gunia la mwisho. Ongezeni siku mbili za kuzilaza mashine.

Wasalaam,
Katibu wa Chama