Gunia Lipi kwa Kuku wa Tarasaa?

Kuku wa Tarasaa, katika delta ya Mto Tana, hujilisha wenyewe sehemu kubwa ya siku. Wakiachiliwa alfajiri hupekua chini ya miembe, huokota punje za mpunga na mahindi zilizoanguka, hukimbiza panzi na kudonoa mchwa, na jioni hurudi uani kugombania makombo. Mfugaji aliyezoea hali hiyo hukiona chakula cha agroveti kuwa anasa. Siku akiamua kununua, huchukua gunia lolote lililopo na kuwamwagia kuku wote pamoja, wakubwa kwa wadogo. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu chakula huishia kwa kuku asiyekihitaji sana.

Anayekihitaji kwanza ni kifaranga. Mtetea wa kienyeji aliyekomaa huweza kuishi kwa anachookota, akataga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na konzi ya nafaka ya jioni ikamfaa. Kifaranga hana uwezo huo. Tumbo lake ni dogo, mwili wake unajenga mifupa, nyama na manyoya kwa wakati mmoja, na kila penye punje kuna mkubwa wa kumfukuza. Vifaranga wengi hufa kabla ya kutimiza miezi miwili. Mwewe hulaumiwa, ugonjwa wa kideri hulaumiwa, na kweli vyote viwili huua. Kideri hakizuiwi kwa chakula bali kwa chanjo. Lakini kifaranga mwenye njaa hukawia kukua, hukawia kuota manyoya, na hubaki muda mrefu zaidi katika umri wa kunyakuliwa. Tangu kuanguliwa hadi mwisho wa wiki ya nane, kifaranga mmoja hula takribani kilo mbili tu. Vifaranga kumi ni kilo 20. Katika ufugaji wa uani ni vigumu kupata matumizi ya pesa yanayolipa kuliko hayo.

Kuwalisha peke yao hakuhitaji banda jipya. Tenga la kuku likifunikwa juu ya sahani ya chakula na kuinuliwa kwa vijiwe vitatu, huacha upenyo ambao kifaranga hupita kwa kuinama kidogo huku mama yake akibaki nje akizunguka.

Magunia ya dukani hutofautishwa na umri wa kuku. Lililoandikwa “Chick Mash” ni la vifaranga hadi wiki ya nane, na huwa na protini kati ya asilimia 18 na 20. “Growers Mash” ni la kuku wanaokua, kuanzia hapo hadi karibu na kutaga, nalo hushuka hadi asilimia 15 hivi. “Layers Mash” ni la watagaji: protini yake ni kama asilimia 16 au 17, lakini tofauti yake kubwa iko kwenye madini ya kalsiamu, ambayo hufika asilimia 3.5 hadi 4, ilhali chakula cha kuku wanaokua huwa na asilimia moja tu. Yai moja hubeba takribani gramu mbili za kalsiamu kwenye ganda lake. Mtagaji asiyeipata kwenye chakula huichota kwenye mifupa yake mwenyewe, mayai huanza kutoka na ganda laini, na mwishowe kuku hushindwa kusimama.

Kalsiamu hiyo hiyo ni sumu kwa mdogo. Kifaranga au tembe asiyeanza kutaga akilishwa chakula cha watagaji kwa wiki kadhaa, figo zake huharibika kwa kujaribu kuitoa mwilini. Kwa hiyo anayefuga kuku wa kila umri katika ua mmoja, na hilo ndilo jambo la kawaida Tarasaa, hafai kulifanya gunia la watagaji kuwa chakula cha wote. Lililo salama ni kuwapa wote, isipokuwa vifaranga wanaolishwa peke yao, chakula cha kuku wanaokua, halafu kuweka pembeni kopo la makome yaliyopondwapondwa. Mtagaji atakula makome kadiri anavyohitaji. Jogoo na tembe watayapita. Makome hayapatikani mbali: Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, ni ndani ya kaunti hii hii ya Tana River.

Joto nalo lina la kusema. Kuku hatoki jasho. Hupanua mdomo na kuhema, na jua likikaza hupunguza kula. Akila kidogo hupata protini kidogo, hata kama kilichomo guniani ni kizuri. Ndiyo maana, kati ya magunia mawili ya aina moja, lenye protini ya juu kidogo huwafaa zaidi wafugaji wa huku kuliko wa Limuru kwenye baridi. Chakula kitolewe mapema asubuhi na tena jua likipungua, na maji yakae kivulini mchana kutwa, maana kuku hunywa maji yenye uzito kama mara mbili ya chakula anachokula, na wakati wa joto huzidisha.

Unyevu ni hatari kubwa kuliko joto, na ndio unaofaa kuamua kiasi cha kununua. Tuseme mfugaji ana mitetea 12 wanaozurura, na kila mmoja anaongezewa gramu 60 kwa siku. Ni gramu 720 kwa wote, hivyo gunia la kilo 70 litakaa zaidi ya miezi mitatu. Katika hewa ya delta, na zaidi nyakati za mvua kama zilizoleta mafuriko mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, hiyo ni miezi mingi mno. Vitamini hupungua nguvu, mafuta huvunda, na ukungu huota pembeni mwa gunia kabla mwenye gunia hajauona.

Ukungu huo ndio hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Dunia iliigundua kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hadi ikabainika kwamba chanzo kilikuwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa kwenye chakula chao. Kenya iliijua kwa uchungu zaidi mwaka 2004, ambapo mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kuanika juani hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Mazoea ya kusema mahindi yaliyoota ukungu “ni ya kuku” yafaa kuachwa kabisa. Vifaranga huathirika kuliko kuku wakubwa, na bata huathirika kuliko kuku.

Basi mwenye kuku wachache anunue kidogo, au majirani watatu wachange gunia moja wagawane siku hiyo hiyo. Kununua kwa kupimiwa kilo nako kunawezekana, ila mnunuzi adai kuona kikaratasi kilichoshonwa mdomoni mwa gunia linalopimwa, aulize na siku lilipofunguliwa. Kikaratasi hicho kinapaswa kuonyesha aina ya chakula, mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikiwepo, nambari ya kibali iliyo chini yake inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe wa simu: SM# ikifuatwa na nambari hiyo, kwenda 20023.

Baada ya karatasi, mkono. Chakula kizuri kikifumbatwa kisha kiganja kikafunguliwa, humwagika. Kikibaki tonge, kimeshika maji. Harufu iwe ya nafaka na samaki mkavu, bila uvundo wala ukakasi wa mafuta yaliyochacha. Konzi moja ikikorogwa kwenye glasi ya maji, mchanga hutua chini na kuonekana wazi. Mchanga huingia hasa na dagaa walioanikwa ardhini, na mnunuzi huulipia kwa bei ya protini. Nyumbani, gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na mdomo wake ufungwe.

Wengi hurefusha gunia kwa kuchanganya, na kosa lake huonekana kwa hesabu rahisi. Kilo moja ya chakula cha vifaranga yenye protini asilimia 18, ikichanganywa na kilo moja ya mahindi yenye asilimia 9, huwa mchanganyiko wa asilimia 13.5. Hicho si chakula cha kifaranga tena, ingawa kwa mtetea anayezurura ni nyongeza nzuri. Pumba laini za mchele zina lishe, lakini mafuta yake huchacha upesi, hivyo zitumike zikiwa mpya. Makapi magumu ya mpunga hayana faida yoyote tumboni, yatandazwe bandani. Mashudu ya pamba yana kemikali inayoweza kugeuza kiini cha yai kuwa na rangi ya kijani kibichi au kahawia, na mnunuzi wa mayai hatalichukua yai la namna hiyo.

Liko jambo moja linalosahaulika sana na lingefaa kubandikwa kwenye kila agroveti ya mji wa Garsen. Baadhi ya vyakula vya kuku, hasa vya vifaranga na vya kuku wa nyama, hutiwa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Dawa mbili kati ya hizo, monensini na salinomisini, hazimdhuru kuku zikipimwa sawasawa, lakini huua punda na farasi kwa kiasi kidogo sana, kwa kuharibu misuli na moyo. Katika boma ambalo punda ndiye mbeba maji, gunia lisiachwe anapofika, wala mabaki ya sahani ya vifaranga yasimwagwe kwenye chombo chake. Punda akishakula chakula hicho na akaanza kukataa malisho, kutoka jasho na kuyumba miguu ya nyuma, afisa wa mifugo aitwe mara moja, na kikaratasi cha gunia kiwe tayari ili asome jina la dawa.