Ajali za Ndege Ndogo: Uwanja Usiotosha (Sehemu ya Tatu)

Toleo lililopita tulimwacha rubani mwisho wa uwanja, injini inanguruma, kakanyaga breki. Leo na aondoke, tena aondokee Rudewa, wilayani Kilosa, kwenye nyasi, saa nane mchana, mwezi wa Novemba. Hapo ndipo hesabu za kitabuni zinapoanza kumgeuka.

Cessna 172, ndege ya watu wanne, ikiwa usawa wa bahari na kwenye lami, huhitaji kama mita 500 kuruka na kuvuka miti ya mita 15. Lakini Kilosa iko mita 500 hivi juu ya bahari, na joto likifika nyuzi 35 hewa huwa nyepesi. Mabawa hayajui ramani. Kwa hewa ile yanajikuta yako mita zaidi ya 1,300, karibu na kimo cha mji wa Arusha. Pangaboi halishiki vizuri, injini nayo inapungua nguvu. Ongeza nyasi zilizolowa mvua za vuli, ambazo wataalamu huzihesabia asilimia 30 zaidi, na zile mita 500 zinakaribia 900. Hapo abiria mwenye gunia lake la mchele, “dogo tu”, hajahesabiwa.

Ndege kubwa kidogo nazo hupata taabu mbugani. Novemba 28, 2023, katika uwanja wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, Embraer 120 iliyotoka Zanzibar iliharibika wakati wa kutua. Saa chache baadaye nyingine ya aina hiyohiyo, ikiruka kurudi Zanzibar, ikagonga jengo la uwanjani. Hakuna aliyekufa.

Sasa tuseme rubani wetu ameruka, yuko mita 60 juu, injini inazima. Moyo wote unataka kurudi uwanjani, na hamu hiyo imeua marubani wengi. Ndege ikilala nyuzi 45 ili igeuke, mwendo wa chini kabisa unaoiweka hewani hupanda kwa karibu asilimia 20, na yeye mwendo ndio unamwishia. Bawa linaacha kubeba, pua inaanguka, na chini hakuna nafasi ya kujiokoa. Mbele yake kuna nini? Mpunga, labda mistari ya katani. Katani itaivunjavunja ndege, na mimi nasema ivunjike! Muhimu atue mbele, mabawa yakiwa sawa.

Ndiyo maana rubani mzoefu wa viwanja vya nyasi huweka alama nusu ya uwanja kabla hajaachia breki, hata kichuguu kinatosha. Akifika pale hajapata asilimia 70 ya mwendo wa kurukia, anakata moto na kukanyaga breki, abiria wanune wakitaka.

Toleo lijalo: maji ndani ya mafuta, na kile kichupa ambacho rubani hukingia chini ya bawa kila asubuhi.