Mjukuu wa Watumwa Aliyetajirika kwa Kuwahudumia Jirani Zake

Katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, nchi ya Marekani, aliishi mtu mmoja aliyejaliwa umri wa miaka 103. Jina lake Arthur George Gaston. Alizaliwa tarehe 4 Julai, 1892, katika mji mdogo wa Demopolis, ndani ya nyumba ya magogo. Babu na bibi yake waliomlea walikuwa wamepata kuwa watumwa. Alipofariki tarehe 19 Januari, 1996, alihesabiwa kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Wamarekani Weusi.

Baba yake alifariki yeye angali mtoto mchanga, na mama yake alifanya kazi ya upishi katika nyumba za watu. Uani kwa babu yake palikuwa na bembea, na watoto wa jirani walipenda sana kuichezea. Arthur akawatoza vifungo vya nguo na pini. Hivyo alifahamu mapema kwamba mtu hulipa kwa hiari yake akipewa kitu anachokihitaji.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari huko Ufaransa. Aliporudi kwao alifanya kazi ya kibarua katika kampuni ya makaa ya mawe na chuma. Basi, mama yake akapika, naye akawauzia wenzake chakula cha mchana, njugu na bisi. Mshahara wake aliuweka akiba, akawakopesha wenye shida. Aliyekopa dola moja alirudisha dola moja na senti 25. Haba na haba hujaza kibaba.

Chama cha kuzikana

Huko kazini aliona jambo lililomsikitisha. Kibarua akifariki, mara nyingi jamaa zake hawakuwa na fedha za mazishi, ikawalazimu kuomba michango. Katika mwaka 1923 Bwana Gaston alianzisha chama cha kuzikana, ambacho wanachama wake walitoa fedha kidogo kidogo ili wafiwa wasaidiwe. Baba mkwe wake, mzee Smith, alishirikiana naye katika biashara ya mazishi iliyoitwa Smith na Gaston. Baadaye chama kile kikawa kampuni ya bima, nayo ikapewa jina la Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Wamarekani Weusi.

Kampuni ilipokua, makarani na wapiga taipu hawakupatikana, kwa kuwa Weusi walikuwa hawapewi mafunzo ya kazi hizo. Katika mwaka 1939 akafungua chuo, na mkewe, Bibi Minnie Gaston, akakiongoza kwa miaka mingi. Wasafiri Weusi walikuwa wakikataliwa katika hoteli nzuri za mji. Mwaka 1954 akajenga hoteli yake. Benki zilikuwa hazipendi kuwakopesha Weusi fedha za kujengea nyumba. Mwaka 1957 akaanzisha benki ya akiba. Kila biashara yake ilianzia katika shida ya jirani zake.

Kati ya moto na maji

Jaribu kubwa lilimjia mwaka 1963, wakati Dakta Martin Luther King alipoongoza watu kupinga ubaguzi wa rangi katika Birmingham. Dakta King na wenzake walikaa katika hoteli ya Bwana Gaston, wakafanya mipango yao humo. Lakini mzee mwenyewe, aliyekuwa na miaka 70, alipendelea mashauriano, wala hakukubali watoto wa shule wapelekwe katika maandamano. Vijana wengine wakamtukana kuwa ni kibaraka wa Wazungu. Hata hivyo alitoa fedha za dhamana ili Dakta King atoke gerezani.

Wabaguzi nao hawakumwacha. Mwezi wa Mei bomu lililipuka katika hoteli yake, karibu na chumba alichotumia Dakta King, na mwezi wa Septemba nyumba yake ilitupiwa moto. Hakuhama mji, wala hakufunga biashara zake.

Urithi wake

Hata umri ulipokuwa mkubwa hakukaa kivivu. Katika mwaka 1966 alianzisha kilabu cha wavulana, ili watoto wa maskini wapate mahali pa kucheza na kujifunza mambo mema badala ya kuzurura mitaani. Alitoa pia msaada kwa mashindano ya tahajia ya watoto wa shule.

Mwaka 1987 alifanya jambo lililowashangaza wengi. Badala ya kuiuza kampuni ya bima kwa matajiri wa nje, aliwauzia wafanyakazi wake kwa dola 3,400,000, bei iliyokuwa ndogo sana kuliko thamani yake. Waliokuwa wakipokea mishahara kwake wakawa wenye mali.

Hoteli yake ilitangazwa mwaka 2017 kuwa sehemu ya kumbukumbu ya taifa la Marekani. Lakini mwanzo wa yote ulikuwa chakula cha mama yake, na senti chache alizoziweka kwa subira. Mfanyabiashara anayetaka kujua aanzie wapi, na aanze kwa kutazama jirani zake wamepungukiwa na nini. Akiba haiozi, na wema hauozi.