Densi ya mishale: Mchezo wa video uchezwao kwa miguu

MICHEZO ya video imelaumiwa kwa miaka mingi kwa kuwafanya watoto washinde wameketi mbele ya runinga. Hata hivyo, upo mmoja usioweza kuchezwa na aliyekaa kitako.

Mchezo huo ni Dance Dance Revolution, uliozinduliwa na kampuni ya Konami nchini Japani mnamo 1998. Mchezaji husimama juu ya jukwaa lenye mishale minne: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Muziki unapoanza, mishale hupanda kwenye skrini kuelekea vivuli vilivyotulia juu. Mshale unapokifikia kivuli chake, mchezaji hukanyaga upande huo. Akiwahi au akichelewa, hupoteza alama, na akikosea mara nyingi wimbo hukatizwa.

Nyumbani, jukwaa hilo huwa mkeka laini unaounganishwa na mashine ya mchezo au kompyuta. Aidha, ipo programu isiyolipiwa iitwayo StepMania.

Anayeanza hana budi kuchagua kiwango cha chini kabisa. Avue viatu ili asiuchane mkeka, kisha ausikilize mdundo badala ya kuyategemea macho pekee, kwani mishale hupangwa kulingana na muziki.

Kosa kuu la wanagenzi ni kurejesha mguu katikati kila baada ya hatua. Kwa kufanya hivyo, hutumia miondoko miwili kwa mshale mmoja. Nyimbo za polepole humsamehe, lakini za kasi humwacha akihema. Mguu na ubaki pale ulipokanyaga, kwani haupunguziwi alama kwa kutulia pale, kisha mguu wa pili uchukue zamu, kama mtu anavyotembea.

Waliobobea huongeza kasi ya mishale kwenye skrini. Jambo hili huwashangaza wageni, ilhali wimbo haubadiliki. Mishale huachana zaidi na kusomeka kwa urahisi. Baadhi yao hushikilia ufito wa chuma ulio nyuma ya jukwaa ili kuipunguzia miguu uzito. Wengine hukataa katakata, wakisema densi ni ya mwili mzima.

Manufaa yake hayakuishia kwenye burudani. Mnamo 2006, jimbo la West Virginia nchini Marekani, lililokabiliwa na tatizo la unene wa kupindukia miongoni mwa watoto, lilitangaza mpango wa kuupeleka mchezo huu katika shule zake zote 765 za umma.

Mantiki yake ni rahisi. Mtoto mnene mara nyingi huwa wa mwisho kuchaguliwa timu ya kandanda zinapogawanywa, na hatimaye huacha kujaribu. Juu ya mkeka hahitaji kuchaguliwa na yeyote. Hushindana na alama zake za jana, na hutoka jasho kabla hajatambua kuwa anafanya mazoezi.