Tulikunywa Kikombe, Tukasahau Vidonge

Mwezi Machi mwaka 2011 hapa Mwanza habari ilikuwa moja tu, sokoni, kwenye daladala hata nje ya mlango wa kanisa. Watu waliulizana, "Umeshakwenda kwa Babu?" Nasi akina mama sita wa kikundi kimoja cha kanisa tulichangishana nauli, tukafunga chakula na mablanketi, tukaondoka. Mmoja wetu ni muuguzi, naye ndiye anayeshika kalamu hii. Tunaandika kwa sababu likitokea jambo la namna ile, akina mama ndio wanaotangulia, na watoto wao mgongoni.

Kwa wasomaji waliokuwa wadogo wakati ule, Babu alikuwa Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, wa kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa ndotoni. Alianza kuitoa mwaka 2010. Ilikuwa mizizi ya mti uitwao mugariga, ambao kwa Kiswahili huitwa pia mtandamboo, ikichemshwa kwa maji. Mgonjwa alikunywa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa shilingi 500. Ilisemekana kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu.

Njiani na kwenye foleni

Tulipita Magu, Lamadi na Bunda, tukaingia Mugumu, kisha vumbi la Serengeti. Kabla hatujafika tulikuta mkia wa foleni ya magari. Tulilala humo siku mbili. Maji yaliuzwa kwa bei ya soda, na choo kilikuwa kichaka. Tuliona wagonjwa waliotolewa wodini wakiwa bado na plasta za dripu mikononi. Vyombo vya habari viliripoti kwamba watu zaidi ya 50 walifariki wakiwa wanasubiri. Mwisho wa mwezi ule Babu mwenyewe aliomba watu wasimame kwanza, maana waliokuwa wakingoja walikuwa maelfu.

Zamu yetu ilipofika, wasaidizi walituletea vikombe vya plastiki dirishani. Tuliomba, tukanywa, tukaimba pambio. Hatusemi kwamba tulitapeliwa, kwa maana shilingi 500 si bei ya tapeli. Wala hatuwacheki waliokwenda, kwani mama aliyeuguliwa miaka mitatu akisikia kuna maji ya uzima, atayafuata hata yakiwa ng'ambo ya ziwa.

Swali ndani ya gari

Wakati wa kurudi, mwenzetu mmoja, fundi cherehani mwenye kisukari, alimgeukia muuguzi akamwuliza, "Nesi wetu, hivi vidonge niendelee navyo?" Muuguzi alikuwa na shinikizo la damu tangu mimba yake ya pili, na dawa alikuwa nazo mkobani. Alijua jibu. Wizara na wahudumu wa afya walikuwa wakisema kila siku kwamba wagonjwa wasiache dawa. Lakini wote ndani ya gari walikuwa wanamtazama, na nyimbo zilikuwa bado masikioni. Akasema, "Mimi nimeacha. Imani haina nusu."

Maneno hayo matatu ya mwisho tunayajutia hadi leo.

Mwandishi aliacha vidonge wiki tano. Alijisikia vizuri, usingizi mtamu, kichwa chepesi. Shinikizo la damu ndivyo lilivyo, mara nyingi halipigi hodi. Siku moja zamu ya usiku mwenzake alimpima kwa utani tu, kipimo kikasoma 190 kwa 110. Alirudia dawa usiku uleule. Lakini aibu ilimzuia kwenda kumwambia yule fundi cherehani.

Miezi sita baadaye fundi alijikwaruza na ndara. Kidonda kikawa cheusi. Sukari inapokaa juu muda mrefu huharibu mishipa, mguu hufa ganzi, hausikii maumivu, na kidonda hakiponi. Alikatwa mguu wa kulia, ule aliokanyagia cherehani. Tulipokwenda kumtazama, muuguzi alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha. Mgonjwa akamshika mkono, akasema, "Kikombe hakikunikata mguu, mama. Kilichonikata ni siku nilipotupa vidonge chooni. Nawe hukunishika mkono nikivitupa." Alisamehe. Bado anashona, binti yake akizungusha gurudumu kwa mkono.

Je, dawa za miti ni mbaya?

La hasha. Dawa nyingi za hospitali zina asili ya mimea. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti. Dawa mseto ya malaria ina kiungo kilichotokana na mmea wa artemisia, na mgunduzi wake, Tu Youyou wa China, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata metformini anayomeza mgonjwa wa kisukari ina historia inayoanzia kwenye mmea uliotumika zamani huko Ulaya. Mwarobaini tunaoupanda uani asili yake ni kule India, ambako waganga wa ayurveda wameutumia karne nyingi.

Tofauti ni kipimo. Mmea wa asili nao una nguvu, na chenye nguvu kinaweza kudhuru. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za ayurveda zilizouzwa madukani huko, na 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Aliyezinunua asingeweza kuyaona kwa macho.

Mama, kabla hujakwenda

Kwanza, uliza kama mganga amesajiliwa. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosimamia.

Pili, usiache dawa ya hospitali bila kuongea na aliyekuandikia. Anayetumia insulini akiacha, siku chache tu zaweza kutosha kumwua. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayenyonyesha akiacha dawa, anamweka mtoto hatarini pia.

Tatu, mwambie nesi ulichokunywa. Akikukaripia, mwambie mwingine, lakini usifiche.

Nne, mjamzito na mtoto mchanga wasipewe mizizi wala majani bila ushauri wa kliniki.

Tano, mganga akikutajia jirani au bibi kizee kuwa ndiye mchawi wako, inuka uondoke. Kanda yetu ya Ziwa imemwaga damu ya vikongwe kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mwaka 2009 serikali ilifuta leseni za waganga kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Imani na mkate wa tini

Mfalme Hezekia alipougua, aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa vilikaa katika chumba kimoja wala havikugombana. Sisi ndio tuliovigombanisha ndani ya gari lile.

Mchungaji Mwasapila alifariki mwaka 2021, na misururu ya magari ilikuwa imekwisha zamani. Vikombe vingine vitakuja, kwa majina mengine. Siku hiyo mwenzako akikuuliza, "Niendelee na vidonge?", usimjibu kwa aibu wala kwa kutaka kuonekana mwenye imani kubwa. Mwambie, "Endelea, mama, nami nitaendelea kukuombea."