Miche ya Mboga Wakati wa Baridi: Tutumie Vyombo vya Plastiki Vilivyotupwa



Kila mwaka mvua za vuli zinapoanza mwezi wa Septemba, hapa Masimba na sehemu nyingine za Kisii na Nyamira tunaona jambo lile lile. Shamba limelimwa, samadi imewekwa, lakini miche hakuna. Basi mama anakimbia sokoni kununua miche ya sukuma wiki iliyong'olewa tangu asubuhi. Imenyauka, na hajui ilitokana na mbegu gani. Mwingine anaanza kuotesha yake Septemba hiyo hiyo, na anapanda mwisho wa Oktoba, mvua ikiwa imeshaenda nusu.

Tukiwauliza kwa nini hawakuotesha mapema, wanajibu, "Hiyo miezi ya Juni na Julai ni baridi sana, miche inakufa." Ni kweli inakufa. Lakini tuangalie vizuri inakufa kwa sababu gani. Baridi huchelewesha mbegu tu. Kinachoua miche hasa ni maji: udongo unaolowa siku nzima bila kukauka, mvua kubwa inayofukua mbegu, na mvua ya mawe inayokata majani. Tukiweza kuyatawala maji, tutapata miche hata wakati wa baridi. Na chombo cha kufanyia kazi hiyo tunakitupa kila siku.

VYOMBO GANI?

Kutumia vyombo vilivyotupwa si jambo geni Kenya. Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, ilienea kwa sababu akina mama wa vijijini walianza na walichokuwa nacho, hata makopo na vyungu vilivyovunjika. Siku hizi mifuko ya plastiki ya kubebea haipo tena, kwani serikali iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Lakini chupa, vibuyu na mabeseni yaliyopasuka bado ni mengi. Yanazagaa kwenye mitaro, na mvua huyateremsha hadi Mto Gucha.

Kinachofaa zaidi ni chupa ya maji ya lita 5 inayopitisha mwanga. Kibuyu cha manjano cha mafuta ya kupikia hakipitishi mwanga wa kutosha. Hicho mkate sehemu ya juu, mtumie ya chini tu, na mfunike kwa plastiki nyeupe inayoonyesha. Beseni lililopasuka hutumika vivyo hivyo.

ONYO: Msitumie kamwe chombo kilichowekwa dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya kuoshea ng'ombe au dawa ya panya, hata kama kimeoshwa mara kumi.

JINSI YA KUFANYA

1. Osheni chombo kwa sabuni. Kisha kisuuzeni kwa maji yaliyotiwa dawa ya madoa kama Jik, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 9 vya maji. Kiacheni kikauke.

2. Toboeni matundu 8 hadi 10 chini ya chombo kwa msumari uliopashwa moto. Msiruke hatua hii. Chombo kisicho na matundu ni kaburi la miche.

3. Kateni chupa kwa kuizunguka, vidole vinne kutoka chini. Msimalize kuikata, acheni upana wa vidole vitatu upande mmoja, ili sehemu ya juu ifunguke na kufungwa kama mlango. Kifuniko kidogo cha mdomoni kitoeni kabisa, hewa ipite.

4. Changanyeni udongo: karai 2 za udongo wa juu wenye rutuba, karai 1 ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na karai 1 ya mchanga wa mtoni. Mchanga unasaidia maji yapite haraka. Mwagieni udongo huo maji yanayochemka, mfunike kwa gunia mpaka upoe, kisha muuache ukauke kiasi kwa siku 2. Maji moto huua magonjwa mengi na mbegu za magugu.

5. Jazeni udongo, mwagilieni, na pandeni mbegu. Mbegu ya sukuma wiki au kabeji iingie kina cha sentimita 1. Mbegu ya managu (rinagu) ni ndogo sana, kwa hivyo ichanganyeni na mchanga mkavu, mwinyunyize juu na kuifunika kidogo tu.

6. Wekeni vyombo juu ya meza ya miti au mawe, mahali panapopata jua la asubuhi, kuku na mbuzi wasipofika. Msiviweke mahali ambapo maji ya paa yanadondoka.

KUTUNZA KILA SIKU

Huko Marekani na Kanada wako wakulima wanaopanda mbegu ndani ya chupa kama hizi na kuziacha nje kwenye theluji, kwa sababu mbegu nyingine za huko hazioti bila kupata baridi kwanza. Mboga zetu hazihitaji baridi. Sisi tunafunika chupa ili kuzuia mvua na kutunza joto kidogo usiku.

Kwa hivyo jua likitoka, fungueni chupa kama saa tatu asubuhi, mzifunge saa kumi jioni. Mkisahau, jua la mchana litaichoma miche humo ndani. Siku ya ukungu na mvua acheni mwanya mdogo tu wa hewa.

Maji msitie kwa mazoea. Inueni chombo: kikiwa kizito, maji bado yapo. Kikiwa chepesi, kisimamisheni ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini, halafu mkitoe.

Mkiona mche umelala na shina lake limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo, huo ni ugonjwa ambao wengine huuita kinyausi. Huletwa na unyevu na kubanana. Kitengeni chombo hicho mara moja, kiacheni wazi, na msiongeze maji. Udongo wake msiutumie tena kuoteshea.

HESABU YA KIKUNDI

Chupa moja ya lita 5 inatosha mbegu 25 zikipewa nafasi. Kipande cha shamba cha mita 5 kwa mita 5, kwa nafasi ya sentimita 50, kinachukua miche 100. Kwa hivyo familia moja inahitaji chupa 5, yaani mbegu 125, ili ikifa michache hakuna pengo. Beseni lenye upana wa sentimita 40 linafanya kazi ya hizo chupa 5. Kikundi cha watu 20 kinahitaji chupa 100 au mabeseni 20. Anzeni kukusanya sasa, hasa baada ya harusi na mikutano.

Mbegu zipandwe kati ya tarehe 15 na 25 Julai. Kwa baridi yetu, sukuma wiki itachukua wiki 6 hivi kufikisha majani 4 au 5. Wiki ya mwisho acheni vyombo wazi mchana na usiku na mpunguze maji, ili miche ikomae. Mwanzoni mwa Septemba hamishieni shambani, wakati wa jioni. Baada ya wiki 5 au 6 mtaanza kuchuma, na sukuma itaendelea kutoa majani hadi Januari, wakati kila mzazi anatafuta karo na sare.

Si kila mboga inapenda kuhamishwa. Chinsaga ina mzizi mrefu wa katikati, na karoti vilevile. Hizo pandeni moja kwa moja shambani.

Chupa hudumu misimu miwili au mitatu, kisha jua huifanya ivunjike. Iliyovunjika msiichome, moshi wake ni sumu. Ikusanyeni na plastiki nyingine za kuuza kwa wanunuzi wa taka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mwaka jana kila mmoja wetu alitumia pesa ngapi kununua miche, na mingapi ilishika?
2. Nani atakusanya vyombo, na vitawekwa kwa nani?
3. Mwenye kutunza miche ya wote atasaidiwaje na kazi zake za nyumbani?